Hodi Isiyosikika kwenye Mlango wa WhatsApp

Nianze na ile swichi. Nikianza kwingine nitajikuta nasifia, na leo sikuja kusifia.

Novemba 2025 Meta walitangaza kwamba WhatsApp ya Ulaya imeanza kuongea na programu za nje. BirdyChat ya Latvia na Haiket ndizo zilizotangulia. Aliyeko BirdyChat anaandika, aliyeko WhatsApp anasoma, na hakuna aliyehama kwake. Kwa sisi tuliokua na programu tano za kuchati kwenye simu moja, hiki ndicho tulichokuwa tunakililia tangu enzi za Yahoo Messenger. Sheria imesukuma, wahandisi wamekesha, kazi imefika. Halafu kikao fulani, sijui cha watu wangapi, kikaamua kwamba kazi yote hiyo ikae nyuma ya swichi ndani ya Mipangilio, na kwamba mtumiaji aikute swichi hiyo imezimwa.

Mechi iliishia hapo. Dakika zilizobaki ni za kukamilisha ratiba.

Tulirudie tukio polepole, maana wengi mmelitazama mkapita. Chukua mtu yuko Berlin. Amechoka na WhatsApp kwa sababu zake, amepakua programu ndogo, kitabu chake cha namba kina watu mia tatu. Anamwandikia fundi wake wa bomba. Haiwezekani, kwa kuwa fundi hajawasha swichi. Fundi hajaiwasha kwa kuwa hajui kama ipo. Hajui kwa kuwa hajawahi kuihitaji, na hajawahi kuihitaji kwa kuwa hakuna wa nje aliyewahi kumfikia. Sasa huyu wetu wa Berlin afanyeje ili fundi aiwashe? Amwandikie kumwomba. Kwa njia ipi? WhatsApp.

Ukishafika hapo unaweza kuzima kompyuta ukaenda kunywa chai. Mtu aliyetaka kuondoka kwenye nyumba analazimika kurudi ndani ya nyumba hiyohiyo, akapite chumba kwa chumba, mara mia tatu, akiwaomba watu wawashe kitu ambacho wao binafsi hakiwapi faida yoyote leo. Hata mwenyekiti wa kamati ya harusi, mtu aliyezoea kusumbua watu, angekata tamaa kwenye jina la kumi.

Kwetu mgeni hupiga hodi. Mwenye nyumba anajibu karibu, au anasema subiri, au anakaa kimya kama hayupo huku televisheni inasikika mpaka barabarani. Uamuzi ni wake. Lakini hodi ameisikia. Mpango wa Meta unamtaka mwenye nyumba aende mlangoni kabla hodi haijapigwa, atoe komeo kwa ajili ya mgeni asiyemjua, atakayekuja siku asiyoijua, kutoka programu ambayo jina lake hajawahi kulisikia. Nani ataondoka kitandani kwa ajili hiyo?

Najua utetezi. Nimeusoma, na una vipande viwili.

Kipande cha kwanza ni cha kisheria. Ibara ya 7 ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inasema watumiaji wa pande zote mbili wabaki huru kuamua kama watatumia mawasiliano haya ya programu kwa programu. Kweli inasema hivyo. Ila uhuru huo ungetimia vilevile kwa swichi iliyowashwa ambayo asiyeitaka anaizima. Au kwa njia ambayo ningeichagua mimi: ujumbe wa kwanza kutoka nje uje kama ombi, na jina la programu ulikotoka likiwa juu yake, vitufe viwili chini, kubali na kataa. Instagram ina sehemu ya maombi ya ujumbe. Messenger nayo inayo, miaka na miaka. Zote ni za Meta. Hawakuhitaji kubuni kitu, walihitaji kuvuka korido wakaombe kwa jirani.

Kipande cha pili ni cha usalama: ukiacha mlango wazi, matapeli watajaa. Hapa nacheka. Leo hii namba yoyote duniani iliyosajiliwa WhatsApp, ambayo hujaizuia, inaweza kukuandikia bila kukuomba ruhusa. Yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tulimzoea kwenye SMS. Binamu zake wako WhatsApp wakitoa ajira za kupenda video na kulipwa kwa dola, na wote wanapita mlango wa mbele. Tapeli wa ndani hahitaji swichi. Mtu mwema wa nje anaihitaji. Anayeniambia kipimo hicho ni cha usalama anieleze kinapima nini.

Kosa hili linaniuma zaidi kwa sababu jambo gumu walilifanya vizuri. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho umebaki, itifaki ya Signal ndiyo msingi, na programu ya nje inayotaka kutumia nyingine inatakiwa ionyeshe kwamba ulinzi wake haupungui. Alama zote. Tuendelee.

Swichi ina mdogo wake. Ukishaiwasha unachagua: soga za nje zichanganyike na nyingine kwenye kikasha kimoja, au zikae kwenye folda yake. Kwa hili sina ugomvi mkubwa, chaguo ni chaguo, ila folda ya pembeni naijua. Ni ile meza ya watoto kwenye harusi. Chakula ni kilekile, lakini hakuna anayepita kuuliza kama mmeshiba.

Na tusijifanye kwamba kuunganisha mitandao ya wapinzani ni jambo la sayari nyingine. Tanzania tumelifanya, tena kwa pesa, ambayo ni nzito kuliko "mambo vipi". Kabla ya 2014, ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, pesa haikuingia kwenye akaunti yake. Alipata meseji yenye namba ya siri, akaenda nayo kwa wakala kutoa taslimu. Pesa ilifika, lakini ilifika kama mgeni. Mwaka 2014 Tigo na Airtel wakaungana, Zantel akafuata, na 2016 Vodacom naye akaingia na M-Pesa yake. Kenya wakafika 2018. Kumbuka sasa lililo muhimu kwa hoja yangu: siku ile, hakuna mama lishe wa Manzese aliyeambiwa abonyeze *150*00#, aingie menyu ya sita, akubali kupokea pesa kutoka Airtel. Pesa iliingia tu. Kampuni zilibeba ugumu wote huko nyuma, mteja akabaki na mlio wa meseji. Na Vodacom, aliyekuwa mkubwa wao na mwenye sababu zote za kugoma, aliingia bila kumwekea mteja wake komeo.

Niseme tena, kwa wale wanaodhani mifano ya Ulaya ndiyo yenye akili: muuza mkaa wa Tandale alipokea pesa ya mtandao mwingine bila swichi, miaka tisa kabla Mjerumani hajaonyeshwa swichi ya kupokea "hallo".

Sheria yenyewe ya Ulaya inaziita kampuni kubwa za aina hii walinda lango. Septemba 2023 Tume ya Ulaya ilizitaja sita, Meta ikiwemo, na huduma zake za WhatsApp na Messenger zikaingizwa kwenye orodha. Apple waliponyoka na iMessage yao Februari 2024. Kila nikikutana na neno hilo namwona golikipa. Ukimpa mtu glovu na jezi namba moja, usimshangae akidaka.

Sasa wasomaji wa zamani wa safu hii wanajua ninakoelekea, na wanivumilie.

Agosti 2005 Google walileta Google Talk, na Januari 2006 wakaifungua seva kwa seva. Itifaki ilikuwa XMPP, ya wazi, isiyo na mwenyewe. Mtu wa Google aliweza kuchati na mtu wa seva ya chuo, ya ofisi, ya kijana aliyejiwekea seva yake chumbani, kama vile barua pepe inavyovuka kutoka kampuni moja hadi nyingine bila kuulizwa pasipoti. Hakukuwa na swichi. Ulikuwa na anwani, ilitosha. Mei 2013 wakaleta Hangouts, na mlango ule ukaanza kufungwa. Facebook nao waliweka XMPP kwenye gumzo lao mwaka 2010 ili programu za nje ziingie, na kufikia 2015 wakawa wameiondoa. Mimi sijasamehe wala sina mpango. Kila mwaka nalitaja, kila mwaka mhariri ananiambia yameshapita.

Hayajapita, na ushahidi ni WhatsApp yenyewe. Ilipoanza 2009, Jan Koum na wenzake hawakujenga mitambo ya ujumbe kuanzia udongo. Walichukua ejabberd, seva ya XMPP iliyokuwa ikigawiwa bure, wakaifinyanga na kuikaza mpaka ikabeba dunia. Yaani mtandao mkubwa kuliko yote ya kuchati ulizaliwa kwenye ukoo wa itifaki iliyobuniwa kwa ajili ya kuongea na majirani, ukaota kuta, na leo unapongezwa kwa kutoboa kitundu ukutani. Hata kitundu chenyewe: programu ya nje haizungumzi na WhatsApp kama seva mbili zinazoheshimiana. Inaunganishwa kwenye seva za Meta, kwa itifaki ya Meta, chini ya masharti yaliyoandikwa na Meta. Ni kupanga chumba, na mwenye nyumba anakaa sebuleni.

Wazee wa kazi walifanyaje? Tuanze na eBuddy na Nimbuzz, za Uholanzi zote mbili. Aliyekuwa na Nokia ya Java mwaka 2008 au 2009 hahitaji kuelezwa. Unafungua programu moja, unaingiza akaunti zako za MSN, Yahoo, Google Talk na Facebook, unapata orodha moja. Rafiki ni rafiki. Kialama kidogo pembeni ya jina kilikuambia ametokea mtandao gani, basi, ndiyo habari yote ya tofauti yao. Nilikuwa natumia eBuddy kwenye daladala la Mwenge, skrini ukubwa wa kiberiti, na sikuwahi kujiuliza ujumbe huu uko folda gani. Ndiyo, ulikuwa unawapa nywila zako zote, na leo ningemkemea mwanangu kwa hilo. Tulikuwa wadogo, na ilifanya kazi.

Kilichowaua hakikuwa ubunifu mbovu. Walikuwa wapangaji kwenye nyumba za watu. Nimbuzz waliondolewa Skype mwaka 2010 kwa sababu Skype walitaka hivyo, na hakukuwa na mahakama wala tume ya kuuliza kwa nini. Halafu WhatsApp wakaja na hila nyepesi na yenye akili sana: namba yako ya simu ndiyo jina lako, kitabu chako cha namba ndiyo orodha yako ya marafiki. Hakuna kujisajili mara nne. Kufumba na kufumbua, hakukuwa na mitandao mingi ya kuunganisha. Ulibaki mmoja.

Halafu kuna BlackBerry. Januari 2013 walizindua BlackBerry 10, na ndani yake Hub. Najua mnaguna. Guneni. Popote ulipo kwenye simu unapandisha kidole, unakivuta kulia, na kila kitu kiko pale kimepangwa kwa saa kilivyoingia: barua pepe, BBM, SMS, Facebook, Twitter, LinkedIn, mpaka WhatsApp. Kikasha kimoja, na si kwa kuchagua kwenye menyu. Ndivyo simu ilivyokuwa imezaliwa. Ndani ya mwaka wa kwanza kila mtu alikuwa ameikimbia kwa sababu nyingine, programu zilikuwa chache na Android ilikuwa tamu, na mwisho wa 2017 WhatsApp nao wakaacha kuihudumia. Lakini aliyebuni ule mvuto wa kidole alielewa kwamba mtu hatafuti mtandao, anatafuta mtu. Timu ya Meta ina watu wengi na pesa nyingi kuliko BlackBerry ya siku zake za mwisho, na hakuna hata mmoja aliyefanya kama yule.

Wenye kumbukumbu ndefu zaidi watanitajia vita vya 1999, na wako sahihi. Julai mwaka ule Microsoft walileta MSN Messenger ikiwa na uwezo wa kuongea na watu wa AOL. AOL wakafunga. Microsoft wakarekebisha usiku, asubuhi wakawa wamo tena. AOL wakafunga tena. Wakaenda hivyo raundi baada ya raundi, mpaka AOL wakatumia tundu la kiusalama lililokuwamo ndani ya programu yao wenyewe ili kumtambua nani ni wao kweli na nani ni mgeni aliyevaa kanzu ya kuazima. Ulikuwa mchezo mchafu na wa hatari, na Microsoft wakasalimu amri mwaka uleule. Hata hivyo nawaheshimu AOL kwa jambo moja: walipofunga, mtu aligonga akajua kumefungwa. Hapa mlango umefunguliwa kwa picha na taarifa kwa vyombo vya habari, na komeo liko upande wa ndani.

Kuna swali la nani aliyealikwa na nani aliyekuja. Signal hawakuja. Threema hawakuja. Walisema mapema kwamba hawataki kuunganisha watumiaji wao na mfumo ambao hawana uhakika na jinsi unavyoshika taarifa za nani kaongea na nani, lini. Sababu yao ni nzito na siwalaumu, ingawa matokeo yake ni kwamba mchezaji pekee wa nje ambaye fundi wetu wa bomba angeweza kuwa amemsikia yuko jukwaani anatazama. Uwanjani wamebaki wawili ambao bado wanatafuta jina. Timu ndogo zinaweza kushinda, zimeshawahi, lakini si kwenye mechi ambayo mashabiki wanatakiwa kuwasha taa za uwanja wenyewe.

Na yote haya ni Ulaya tu. Mswahili wa Hamburg akihamia programu mojawapo ya hizi atampata jirani yake wa ghorofa ya pili, kama jirani ameiwasha swichi. Mama yake aliyeko Tanga hampati hata kama mama ameamka na ari ya kuwasha swichi zote duniani, kwa kuwa kwenye simu ya mama swichi yenyewe haipo. Kwa hiyo WhatsApp hataifuta. Atabaki nazo mbili, moja ya msimamo na moja ya familia, na sote tunajua ipi itafunguliwa mara arobaini kwa siku. Kikundi cha ukoo hakina msimamo.

Mkiniuliza kama chombo hiki kinaweza kuunganisha mitandao, jibu langu mmeshaliona tangu aya ya pili: mitambo inaweza, jinsi ilivyopangwa haitaki. Ni marekebisho ya mchana mmoja. Geuza ile swichi, leta kitufe cha ombi, na nitaandika safu nyingine kabisa, pengine hata fupi.

Sheria inadai simu za sauti na video kati ya programu hizi ziwezekane ndani ya miaka minne tangu Septemba 2023, yaani 2027. Nimeshaweka alama kwenye kalenda. Ujumbe unaweza kuuficha kwenye folda mtu asijue, lakini simu ni lazima ilie upande wa pili. Nataka nione hiyo wataiwekea swichi wapi.